Bosi ana makosa yake, ila mumeo hajakukosea

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma yote. Kwa wasomaji wengine niieleze kidogo, huyu binti ni muuzaji kwenye duka la vitenge Kariakoo, mwaka wa tatu huu, bosi wake ni mama mtu mzima anayewaangalia kwa kamera hata akiwa kwake, ukikaa kwenye kiti simu ya duka inaita "nani kakwambia ukae", chooni mpaka uombe ruhusa, simu zao zinakusanywa asubuhi zinafungiwa kwenye droo, na stoo ikionekana pungufu hiyo shoti wanagawana wasichana wote wanne bila kuangalia nani alikuwa zamu. Sasa anataka kuacha kazi wiki hii hii, mume kamwambia avumilie mpaka Januari ipite, na yeye anasema mume hampendi, anapenda mshahara wake.

Pole mwanangu, kushinda siku nzima na woga tumboni kunachosha kuliko kubeba mabalo. Sasa tuongee.

Malalamiko ya simu umeyaandika kirefu sana, halafu katikati ukapitisha haraka haraka kwamba "na mimi nilikuwa na kabiashara kangu ka mabegi naweka stetasi". Hapo ndo niliposimama. Ulikuwa unaweka saa ngapi na wateja uliwatoa wapi? Kama mteja kaja kwa yule mama kununua kitenge, we ukampa namba yako na jioni ukamuuzia begi, basi hizo simu hazikuanza kukusanywa hivi hivi tu, na wenzako watatu wanafungiwa za kwao kwa jambo ambalo hawalijui. Hilo lirekebishe, mabegi uza ukiwa nyumbani. Simtetei bosi kwa kumhesabia mtu mzima dakika za chooni, huo ni unyanyasaji na angekuja kwangu na sababu mia ningemwambia hivyo hivyo.

Na kwenye hela kakukosea kabisa. Unaandika "sina mkataba kwahiyo sina haki", nani kakudanganya? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakulinda hata kama hujawahi kupewa karatasi, kukuandikia masharti ya kazi ni wajibu wake yeye mwajiri. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, siku moja zisizidi 9, za ziada analipa mara moja na nusu, na hata ukiongeza hizo za ziada siku isizidi saa 12. We unaingia saa moja asubuhi unatoka saa mbili usiku siku sita, piga hesabu mwenyewe. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya saa nzima ya kupumzika, sio kula umesimama nyuma ya majora. Hiyo shoti ndo usiseme, hawezi kukukata kwa upotevu mpaka muwe mmekubaliana kwa maandishi, ionekane kosa ni lako, na upewe nafasi ya kujieleza, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Unalipwa 350,000, robo yake ni 87,500, yeye mwezi uliopita kakukata 120,000 kwa mzigo ambao hata hukuwepo ulipopotea. Anza leo kuandika kwenye daftari tarehe, saa ulioingia na kutoka, na kila kilichokatwa. Halafu nenda kwa afisa kazi, au CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukajaze fomu. Usichelewe, kwa malalamiko kama haya wanatoa siku 60, na ukifukuzwa ni siku 30 tu.

Tuje kwa mumeo, maana barua hii kwa kweli ni ya kumshtaki yeye. Unasema hajali, lakini umeandika kwa mkono wako kwamba anakusindikiza kituoni alfajiri kabla hajaenda kijiweni, na ukirudi unakuta mtoto kaoga kala. Mwanaume huyo kaomba kitu kimoja, ada ya Januari na kodi ya miezi sita zilipwe kwanza. Niko upande wake na sifichi. Usiache mbachao kwa msala upitao, na we huna hata huo msala, hujatafuta kazi nyingine hata moja. Halafu kuna ile laki sita uliyochukua advansi kwa bosi ukachangia sendofu ya mdogo wako, mumeo haijui, kwahiyo kila siku anapanga bajeti kwa mshahara ambao haupo alafu wewe unamkasirikia kwa kupanga!

Hili nawaambia na wengine, ndoa za siku hizi simu zina neno la siri, mshahara una neno la siri, madeni ndo kabisa, halafu mtu akitukanwa kazini anakuja kumnunia mwenzie aliyekaa anamsubiri. Bosi humjibu, mumeo ndo unamjibu. Mnalala kitanda kimoja na hamjui mwenzenu anadaiwa na nani, wazee wetu walikuwa maskini kuliko nyie lakini deni la nyumba lilijulikana na wote wawili na lililipwa na wote wawili.

Kwahiyo usiache kazi kwa hasira. Tafuta kwingine kimya kimya, na ukishapata toa notisi ya siku 28 kwa maandishi kwasababu unalipwa kwa mwezi, uondoke na stahiki zako zote, na deni la advansi mkubaliane mnalimalizaje. Ila kabla ya afisa kazi na kabla ya notisi, leo mtoto akishalala mwambie baba yake hiyo laki sita, asije akaisikia kwa bosi wako siku mtakapogombana.