RAM ya seva ya nyumbani: hesabu kazi zake kabla ya kuhesabu terabaiti

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu seva ya kuhifadhia faili nyumbani huja akiwa ameshaambiwa kwamba kila terabaiti moja ya diski inadai gigabaiti moja ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ana diski mbili za terabaiti 12, hivyo anatafuta fedha za gigabaiti 24, na wakati mwingine amekwisha kukata tamaa kwa sababu kompyuta aliyonayo haipokei zaidi ya 16. Mimi nimeendesha seva ya aina hii kwa miaka saba, nikianza na gigabaiti 4, nikapanda hadi 8, na sasa ninatumia 16. Kanuni hiyo ya terabaiti haijawahi kunisaidia kuamua lolote. Kilichonisaidia ni kuorodhesha kazi ambazo seva itafanya, kisha kuiacha ifanye kazi na kuipima.

Kazi ya kugawa faili kwenye mtandao, ikiwa peke yake, ni nyepesi mno. OpenMediaVault, mfumo wa bure wa kuendeshea seva za faili, ukiitumia na mfumo wa faili wa ext4, inaomba gigabaiti 1 tu ya RAM, na kwa familia ya watu wanne wanaohifadhi nyaraka na kutazama filamu, gigabaiti 4 zinatosha na kubaki. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, kasi ambayo diski moja nzuri ya kisasa huifikia bila msaada inaposoma faili kubwa kwa mfululizo. Filamu ya gigabaiti 20 haitatoka haraka zaidi kwa sababu umeongeza RAM, kwa kuwa kinachoizuia ni waya wa mtandao.

Hali hubadilika ukichagua ZFS, mfumo mwingine wa faili. TrueNAS, mfumo mwingine wa kuendeshea seva ambao umejengwa juu ya ZFS, inataka angalau gigabaiti 8, na hapo ninakubaliana nayo kabisa. ZFS hutunza ndani ya RAM data iliyosomwa karibuni pamoja na ile inayosomwa mara kwa mara, na kache hiyo, inayoitwa ARC, hukua kadiri inavyopata nafasi. Hapa ndipo wengi hushtuka. Unaandika amri ya `free -h` siku ya tatu tangu seva iwashwe, unaona gigabaiti 13 kati ya 16 zimetumika ilhali hakuna mtu anayefanya chochote, unadhani kuna programu inayovujisha kumbukumbu. Kwenye Linux, amri hiyo huihesabu ARC katika safu ya RAM iliyotumika, tofauti na kache ya ext4 ambayo ina safu yake. Andika `arc_summary` utaona sehemu kubwa ya gigabaiti hizo 13 ni kache, ambayo ZFS huipunguza programu nyingine zinapohitaji nafasi. RAM iliyojaa kwa namna hii inakufanyia kazi, na si sababu ya kwenda dukani.

Faida ya kache hiyo huonekana zaidi kwenye vitu vidogo vilivyo vingi. Nina folda moja ya picha zipatazo 9,000. Nilipokuwa na gigabaiti 8, kuifungua baada ya siku nzima ya kazi nyingine kulichukua sekunde 14, na diski zilisikika zikikwaruza muda wote huo, lakini nikiifunga na kuifungua tena ilikuja mara moja. Baada ya kuweka 16, hata ile mara ya kwanza ya siku mara nyingi ilikuwa ya papo hapo, kwa sababu taarifa za faili hazikuwa zimesukumwa nje ya RAM. Kabla ya kununua, acha `arcstat` ikionyesha asilimia ya maombi yaliyojibiwa kutoka kwenye kache wakati familia inaitumia seva kama kawaida. Ikiwa inakaa juu ya 90, RAM zaidi haitakupa tofauti utakayoihisi.

Kuna jambo moja ambalo kwalo kanuni za RAM nyingi ni za kweli, nalo ni kuondoa marudio ya data, yaani kuhifadhi mara moja tu kile kinachojirudia. Nilikiwasha kipengele hicho mwaka wangu wa pili nikiamini kwamba, kwa kuwa picha zilezile zimenakiliwa na watu kadhaa nyumbani, nitaokoa nafasi kubwa. ZFS hutunza jedwali lenye rekodi ya kila kipande cha data, na kila rekodi huchukua takriban baiti 320. Vipande vikiwa vya kilobaiti 128, terabaiti moja ina vipande zaidi ya milioni 8, yaani takriban gigabaiti 2.5 za jedwali peke yake, na vipande vikiwa vidogo zaidi hesabu hiyo hupanda. Nilikuwa na terabaiti 3 za data na gigabaiti 8 za RAM. Jedwali halikuenea kwenye RAM, kila uandishi ukalazimika kwanza kwenda kusoma diski, na kasi ya kunakili ikashuka kutoka megabaiti 100 kwa sekunde hadi 6. Nilipotazama safu ya DEDUP katika `zpool list`, ilisoma 1.06x: sikuokoa hata asilimia 6 kamili ya nafasi. Kukizima hakukufuta jedwali, kwa sababu data iliyokwisha kuandikwa hubaki humo. Ilinibidi kunakili kila kitu kwenye diski nyingine na kukirudisha, kazi ya siku nne. Toleo la 2.3 la OpenZFS, yaani ZFS ya programu huria, limeleta njia bora zaidi ya kufanya jambo hili, lakini kwa picha na video za nyumbani bado ninakusihi ukiache kimezimwa. Ukitaka kujua ungeokoa kiasi gani, amri ya `zdb -S` hukadiria bila kubadilisha chochote.

Kwa wengi, RAM humalizwa na programu zinazoongezwa juu ya seva. Programu ya kupanga picha inayotambua nyuso inaweza kuchukua gigabaiti kadhaa inapochambua maktaba mpya, na mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya seva, ukiipa gigabaiti 4, zihesabu kama zimekwisha kuondoka. Kwa hiyo ninapendekeza 8 kwa ZFS na faili tu, 16 ukiongeza kontena chache (programu zinazoendeshwa kila moja katika kifurushi chake), na 32 pale mashine pepe zinapoingia. Ukiona kontena zinauawa na mfumo kwa kukosa nafasi, iwekee ARC kikomo kupitia `zfs_arc_max` kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu ECC, yaani RAM inayosahihisha makosa yake yenyewe, Matthew Ahrens, mmoja wa waanzilishi wa ZFS, ameeleza kwamba ZFS haiihitaji kuliko mifumo mingine ya faili. Inunue ikiwa ubao mama wako unaikubali, lakini usiache kujenga seva kwa kuikosa. Usichoruhusiwa kuacha ni kuipima RAM uliyonayo. Mwezi mmoja, katika ukaguzi wa diski, seva yangu iliripoti makosa ya uhakiki kwenye diski zote nne kwa wakati mmoja, na diski nne haziharibiki usiku mmoja. Niliwasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, na kabla ya dakika 20 mistari myekundu ikaanza kujaza skrini. Nilichomoa stiki moja ya RAM, nikapima upya iliyobaki usiku kucha, haikutoa kosa hata moja. Faili tatu zilizoharibika nikazirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Tangu hapo, stiki yoyote ninayonunua hupita usiku mmoja kwenye Memtest86+ kabla sijaunganisha diski hata moja.