Usilipie hizo tairi za 305 kabla hujasoma namba nne za ubavuni

Mkuu simama hapo hapo, usitume hata senti. Nimesoma ulichoandika mara mbili tumbo likanikata, maana ni kama nasoma ujinga wangu wa 2020. Gari la wikendi, HP 500 na ushee, linasukuma kwa nyuma, ukikanyaga mafuta gea ya pili tairi zinasota tu gari haliendi, sasa umepata jamaa ana tairi mbili za 305, yaani upana wa milimita 305, "mpya, hazijawahi kufungwa, kashata zote zipo" (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini) kwa nusu bei, unauliza zitakaa au hazikai, upepo uweke ngapi, naitrojeni ina maana au ni mbwembwe, na alaimenti uguse au uache. Hayo yote weka pembeni. Swali lenyewe hukuliuliza: hizo tairi zilitengenezwa lini?

Gari langu lilikuja na 255 nyuma. Nikaongeza nguvu kidogo (mke wangu anajua ni kidogo, tuache hivyo hivyo), likaanza kunichezea kama la kwako. Nikaenda kwa jamaa mmoja muuza tairi, anajiita mtaalamu wa magari ya mbio, akalizunguka gari mikono nyuma kama daktari wa wodi, akasema tatizo lako ni upana tu kaka, weka 295 utasahau. Na kwa bahati, eti, mbili zilikuwepo stoo. Jina kubwa, michoro ya kimbio, vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Vile vinywele ndo vilinimaliza. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, mimi nikanunua kidonda na kukibeba nikakibeba mwenyewe.

Sasa 295 haikai vizuri kwenye rimu ya inchi 9, inataka 10 mpaka 11, ukilazimisha tairi linabanwa mabega linavimba katikati unakanyagia tumbo. Kwa hiyo nikanunua rimu za 10.5. Rimu zikatokeza nje zikaanza kusugua madigadi, nikapeleka madigadi yakakunjwe kwa ndani. Yaani tairi ikanunua rimu, rimu ikanunua kazi ya bodi, na mimi nacheka tu maana ukilitazama kwa nyuma gari lilikuwa na makalio ya kutisha. Nililipiga picha nyingi kuliko harusi yangu.

Barabarani likawa linasota KULIKO mwanzo.

Nikampigia mtaalamu. Akasema tairi mpya lazima uizoeshe, tembea kilometa 300 ule utelezi wa kiwandani utoke. Na hilo la kuzoesha ni kweli, tairi likitoka kwenye kalibu lina mabaki ya dawa ya kulifanya lisigande, ndo maana uongo wake ulinikaa vizuri, alikuwa ameupaka ukweli juu. Nikatembea 300. Nikatembea 600. Akasema punguza upepo, nikapunguza. Akasema zipashe moto kwanza, nikawa nazunguka kila wikendi kama mwendawazimu napasha tairi ambazo hazipashiki. Kila nikimpigia ana jibu, na hakuna jibu hata moja lililohusu tairi zake.

Jumapili moja asubuhi, baridi, lami ina unyevu tu wala si mvua, natoka kwenye kipilefti gea ya pili, spidi haifiki 50, mafuta nimekanyaga nusu. Nyuma ikaondoka bila hodi. Tairi nzuri inakupa taarifa jamani, inalia, inalegea taratibu, unapata muda wa kurudisha usukani, hii ilikuwa kama mtu amevuta mkeka chini ya miguu yangu. Gari likageuka mzima mzima nikawa natazamana uso kwa uso na dereva aliyekuwa nyuma yangu, nikampungia mkono, we ungefanya nini. Halafu gurudumu la nyuma likapiga ukingo wa barabara. Rimu mpya moja ikapasuka, mkono wa sospensheni ukapinda, shafti ikaenda, na yale madigadi niliyolipia kukunjwa safari hii yakajikunja bure. Hakuna aliyeumia. Na kabla hamjaanza kunisema, ndiyo, ile sistimu ya kuzuia tairi kusota nilikuwa nimeizima, nimeshasemwa sana nyumbani inatosha.

Gari likiwa juu ya jeki, kijana wa bodi, hata si mtu wa tairi, akaingia chini na tochi akasema "bro mbona hizi za 2013?" Nikamwambia acha utani hizo ni mpya. Akanivuta nikachungulia. Ubavuni kuna herufi DOT, kuna mlolongo wa herufi na namba, na namba 4 za mwisho ndo tarehe, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Zangu zilisomeka 3413. Wiki ya 34 ya 2013. Nilizinunua 2020 kama mpya! Mlolongo kamili wenye tarehe mara nyingi uko upande mmoja tu wa tairi, na upande huo kwangu ulikuwa umetazama ndani, zote mbili, pale ambapo huoni mpaka ulale chini. Sisemi alifanya makusudi. Aah, nasema.

Baadaye nikaazima kipima ugumu cha mpira, kile cha skeli ya Shore A, za mbele zilizokuwa na mwaka mmoja na nusu zikasoma 65, zile "mpya" zikasoma 80, yaani ngumu zaidi. Nilikuwa naendesha juu ya soli za viatu.

Hapa ndo wengi tunapigwa, hasa sisi wa magari ya wikendi. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, hewa yenyewe, joto na mwanga vinaukausha, yale mafuta yanayoulainisha yanatoka kidogo kidogo, na dawa ya kuukinga na nyufa inafanya kazi vizuri tairi likizunguka mara kwa mara, likisimama tu haisambai. Gari la kila siku tairi zinaisha kashata kabla hazijazeeka. La kwetu ni kinyume, zinazeeka kashata zikiwa nzima, halafu mtu anainama anaangalia kashata anasema bado zipo. Kashata zinakusaidia kutoa maji. Kwenye lami kavu kinachoshika ni mpira wenyewe, angalia magari ya mbio, kipara kabisa na yanashika kuliko mimi na wewe.

Na upana, kwa uzito uleule na upepo uleule, eneo linalogusa barabara halibadiliki sana kama tunavyodhani, linabadilika umbo, linakuwa pana na fupi badala ya jembamba na refu. Sikatai, upana unasaidia, kwenye kona hasa, na joto linatawanyika vizuri. Ila mpira uliokauka ukiufanya mpana umepata mkavu mpana, basi.

Unajua nilichofanya? Nikarudisha rimu zangu za zamani za inchi 9, nikafunga 255, saizi ileile ya mwanzo niliyokuwa naidharau, mpira laini, zimetoka kiwandani miezi minne nyuma. Nguvu zilezile. Gea ya pili likashika, siku ya kwanza nilirudia mara tano kwa sababu sikuamini na mara ya sita kwa hasira.

Kwa hiyo kwangu ni hivi: tarehe kwanza, aina ya mpira pili, upana mwishoni kabisa. Tairi yenye zaidi ya miaka miwili tangu itengenezwe siinunui hata uipambe maua, na iliyoko kwenye gari ikifika mitano naitoa, kashata zilie zisilie. Aina ya mpira soma neno TREADWEAR hapo hapo ubavuni, namba ikiwa kubwa mpira ni wa kudumu, ikiwa ndogo ni wa kushika, japo kiwanda ndo kinajipangia hiyo namba kwa hiyo usilinganishe sana kampuni na kampuni. Mimi natumia 200. 300 nayo si mbaya kama mvua inakukuta mara kwa mara. Usije ukapanda tamaa ukaweka zile za chini ya 100, zinataka joto ambalo safari ya kwenda kunywa kahawa haitoi, na kwenye maji kashata zake ni kama pambo. Na usidanganyike na ile TRACTION AA, hiyo ni kipimo cha breki kwenye lami yenye maji ukienda moja kwa moja, haisemi lolote kuhusu kona wala kuondoka kwa kasi.

Upepo anza na kibandiko cha mlangoni, pima tairi zikiwa baridi. Naitrojeni, hewa unayovuta sasa hivi ni asilimia 78 naitrojeni, nimemaliza. Alaimenti nayo ina mambo yake, ila mkuu utaipimaje alaimenti ya tairi ambazo hujui umri wake, rudi kwenye tarehe kwanza.

Mwambie huyo jamaa akutumie picha ya namba 4 za mwisho, tairi zote mbili, si moja, na si ya "zinafanana tu". Ziweke hapa tuzisome wote. Akisema picha haitoki vizuri kwa sababu ya giza la stoo, mwambie azitoe nje, tunasubiri.