Jibu: Naishi Mbagala, kazi Kariakoo naingia saa 10 alfajiri, nifikeje bila kufilisika?

Hongera kwa kazi, mkuu. Bodaboda ya peke yako kila siku itameza mshahara wote. Mimi nilipokuwa nafanya kazi ya mikate, pale Mbagala Rangi Tatu saa 9 usiku sikuwakosa akina mama wenye ndoo wanaowahi samaki soko la Feri. Wanachangia bajaji, watatu nyuma, ndoo zimebanwa miguuni, dereva wao yuleyule. Nikaomba nafasi, nikawa nalipa kwa wiki, nashuka Bendera Tatu, jirani na Kariakoo, namalizia kwa mguu. Kunuka samaki utazoea. Siku wasipoenda, piga boda unayemjua, si wa kuokota barabarani. Kurudi mchana daladala kama kawaida. Halafu ulizia kazini kama kuna gari la wafanyakazi. Mimi nilikuja kujua lipo baada ya miezi miwili!