Ndizi haziwezi kushika nafasi ya dawa ya sonona

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 29, nauza vifaa vya simu. Mwezi wa nne sasa natumia fluoksetini kwa ajili ya sonona. Nafuu ipo, ila moyo bado hunienda mbio na usingizi ni wa shida. Asubuhi nakunywa chai ya rangi tu. Chakula ni saa nane mchana. Jioni nashindia makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Rafiki yangu anasema ndizi zina serotonini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, nile hizo niache dawa. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Serotonini kwenye ndizi ipo kweli, lakini haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Ndizi kula, dawa usiache. Siku ya kuipunguza ataamua aliyekuandikia.

Kilichonishtua mimi ni hayo makopo. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80, na kikombe cha chai kina kama nusu yake. Kafeini huupeleka moyo mbio, hutetemesha mikono na kufukuza usingizi, mambo yale yale unayoyaita wasiwasi. Nusu ya kafeini ya saa kumi jioni inaweza kuwa bado mwilini saa tatu usiku. Usikate ghafla, kichwa kitakugonga. Anza kuondoa kopo moja, la pili wiki ijayo.

Halafu njaa. Sukari ya damu ikishuka, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kushtuka: jasho, mapigo, kutetemeka. Uji wa ulezi na karanga kabla hujafungua duka utakusaidia kuliko hizo ndizi.

Chakula kina nafasi yake, sikatai. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2017 ulihusisha watu 67 wenye sonona. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya waliosaidiwa kubadili mlo walikuwa wamepata nafuu kamili; kwa waliopewa mazungumzo tu ni asilimia 8. Wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu, na mlo uliongezwa juu yake. Walikula samaki, kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa. Kwetu hapa hiyo ni dagaa, maharage, mchicha na ugali wa dona.

Ukirudi kliniki, taja idadi ya makopo. Fluoksetini nayo huweza kusumbua usingizi, na daktari asipojua habari ya kafeini atailaumu dawa peke yake.