Jibu: Hicho chuma juu ya mlango ni cha baa

Dada, umeuliza kwa nini nyumba mliyopanga kijijini huko Uingereza ina chuma kirefu juu ya mlango na mfuniko wa mbao chini, ubavuni mwa ukuta. Hiyo ilikuwa baa! Kwenye chuma kilitundikwa kibao chenye picha. Kwenye mfuniko ndipo mapipa ya bia yalipoteremshwa hadi stoo ya chini. Sheria ya 1830 iliruhusu mlipa kodi kukata leseni na kuuza bia nyumbani kwake, ndiyo maana baa nyingi zilikuwa nyumba za kawaida tu. Baadaye bia ya bei nafuu ya supamaketi ikazinyang'anya wateja, na makazi yakalipa kuliko baa. Angalia sensa ya 1881, huenda ukamkuta mwenye baa kwa jina. Na tafadhali, hicho chuma msiking'oe.