Thamani ya mpigaji mvumilivu anayefungua mchezo

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kama katika kriketi mpigaji anayefungua mchezo wa Testi (mechi ya kimataifa ya siku 5) na kumaliza asubuhi nzima akiwa na mikimbio 20 tu, yaani pointi 20, anaisaidia timu yake au anaiumiza. Kwa maoni yangu anaisaidia sana, na sisi hapa Kisumu hatulioni hilo kwa urahisi kwa sababu Kenya haijawahi kucheza Testi. Tumezoea mechi za siku moja, ambamo ova (mafungu ya mipira 6) zina kikomo na kila mpira usiozaa mkimbio huonekana hasara.

Katika mechi ya siku 5 hali ni nyingine. Mpira mpya ni mgumu, mshono wake umesimama na ngozi yake inang'aa, kwa hiyo hupinda hewani na kubadili mwelekeo ukigusa ardhi. Baada ya ova 30 au 40 hulainika, warushaji wa kasi wameshachoka, na wapigaji wa katikati huingia kuvuna. Mfunguzi anayeiacha mipira ya nje ya wiketi (vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji) ipite ndiye aliyewaandalia mavuno hayo.

Mfano niupendao ni Hanif Mohammad, mpigaji wa Pakistan, mjini Bridgetown, Barbados, mwaka 1958. Pakistan, ambayo wapigaji wake wote walikuwa wametolewa kwa mikimbio 106, ililazimishwa kupiga tena ikiwa nyuma kwa 473, naye akafungua, akakaa dakika 970, akapata 337, na mechi ikaisha sare. Mpigaji wa papara, hata angepata 100 kabla ya chakula cha mchana, asingeiokoa timu ile.