Manjano hayatoi dawa yake kwa maji matupu

SWALI: Assalamu alaykum. Nimezoea kuyachemsha manjano ya shambani kwetu kwa muda mrefu ili nipate dawa ya maumivu ya viungo, lakini maji yakipoa unga hutuama chini ya sufuria. Jirani amenishauri niyaroweke katika spiriti ya dukani. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Tafadhali usiufuate. Spiriti ya kuwashia jiko au kusafishia rangi mara nyingi huwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na hata kuua, wala hakuna njia ya nyumbani ya kuhakikisha kwamba imekwisha katika dawa.

Huo unga uliotuama ndimo kilimobaki sehemu kubwa ya kile unachokitafuta. Kiini cha manjano kilichochunguzwa zaidi ni kurkumini, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815, nayo karibu haiyeyuki majini, bali huyeyuka katika mafuta na katika ethanoli, yaani kileo kilichomo katika pombe. Kwa hiyo maabara huyakausha manjano, huyasaga, huuroweka unga katika ethanoli safi na kuuchuja, kisha huivukiza ethanoli kwa joto la chini ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa, kwa kuwa moto wa muda mrefu huiharibu kurkumini. Magadi nayo huiharibu upesi. Ukiyatia utaiona rangi ya njano ikigeuka nyekundu.

Kwako wewe, tui la nazi linatosha. Yapike manjano humo kwa moto mdogo, utie na pilipili manga iliyotwangwa, na usimwage machicha yake. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, ziliongeza takriban mara 20 kiwango cha kurkumini kilichofika katika damu ya watu waliopewa gramu 2. Hata hivyo, piperini huweza kuongeza nguvu ya dawa nyingine pia, kwa hiyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe katika kibofu cha nyongo, amwone daktari kwanza.

Kuchemsha si kosa kwa kila mzizi. Urukususu, kwa mfano, hutoa glisirizini yake vizuri katika maji ya moto, ila mwenye shinikizo la damu auepuke, kwani kiini hicho hulipandisha.